Ukifika Magofuni, Anza na Kisima

Ziara nyingi za magofu katika mwambao wetu huenda hivi. Mgeni anashuka chomboni, anapokewa na mwongozaji, anatajiwa masultani mmoja baada ya mwingine, anaambiwa Wareno waliingia lini na Waomani wakawatoa lini. Anapiga picha mbili tatu mbele ya kuba, kisha anauliza soda baridi inauzwa wapi. Akirudi kwake anajua nani alitawala. Ukimuuliza watu wa mji ule walikuwa wakioga wapi, wakipika nini na wakilala upande gani wa nyumba, hana jibu.

Majina ya masultani yamo vitabuni, na hakuna haja ya kusimama juani ili uyajue. Kinachostahili nauli ni yale ambayo kitabu hakina namna ya kukupa: upana wa chumba ukiwa umesimama katikati yake, urefu wa njia kutoka kisimani hadi mlangoni, upepo unaoingia uani lakini haufiki vyumba vya ndani. Kwa hiyo, kama unataka kujua watu wa kale waliishije, nenda magofuni na maswali ya mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Maji yapo? Choo kiko wapi? Jiko je? Jirani ni nani?

Maji ndiyo ya kwanza. Pale Gedi, kilomita kama 16 kusini mwa Malindi, mwombe mwongozaji akuonyeshe visima kabla ya kasri. Mji ule umo msituni, bahari haionekani, na hakuna mto unaopita. Maisha yote yalitegemea mashimo yaliyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Chungulia kina cha kimojawapo, halafu jiulize ni mara ngapi kwa siku mtu alishusha ndoo humo kwa ajili ya kupikia, kuoga, kufulia na kutawadha. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji huo mwanzoni mwa karne ya 17, pamoja na vita na uvamizi, ni maji kuzidi kushuka visimani. Ukiwa umekwisha kuona visima, habari hiyo inakuingia. Ukiisikia mbele ya lango la kasri, inapita tu.

Msafiri Ibn Battuta alipita mwambao huu mwaka 1331, akalala usiku mmoja Mombasa kabla ya kuendelea Kilwa. Katika usiku huo mmoja aliona jambo ambalo wengi wetu tungelipita bila kuliangalia. Anasimulia kwamba kwenye milango ya misikiti kulikuwa na visima vifupi, kina cha dhiraa moja au mbili, na maji yalichotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Mtu aliosha miguu, akaifuta kwenye kipande cha mkeka mlangoni, ndipo akaingia, maana watu walitembea peku. Sasa nenda msikiti wowote wa kale, Kilwa, Gedi au Kaole, utafute mahali pa kutawadhia. Mara nyingi utakuta kisima, birika dogo, na pengine jiwe la kukwaruza la kusugulia nyayo. Kibla kinatazamwa na kila mgeni kwa sababu kina nakshi. Jiwe la miguu linarukwa, na hilo ndilo lililoguswa na kila mtu, tajiri na mchuuzi wa samaki, kila siku.

Maji pia yatakuonyesha nani alikuwa na nguvu. Husuni Kubwa, kasri lililojengwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane la kuogea. Lipo juu ya jabali, na bahari iko chini yake. Kila anayefika hulipiga picha birika hilo. Wewe uliza nani aliyelijaza. Maji matamu hayapandi jabali yenyewe, na Ibn Battuta, aliyemkuta sultani Abu al-Mawahib akitawala Kilwa, anasimulia jinsi sultani huyo alivyomzawadia fakiri kutoka Yemen watumwa pamoja na pembe za ndovu. Mwandishi yule alitaka kusifu ukarimu wa sultani. Msomaji wa leo anapata kujua pia ni watu wa namna gani waliokuwa wakipanda jabali lile na mitungi.

Baada ya maji, choo. Wapo wanaoona aibu kuuliza, nami sioni aibu iliyopo. Katika nyumba za mawe za Gedi na za Songo Mnara, kisiwa jirani cha Kilwa, choo kilikuwa ndani ya nyumba, chenye shimo lililojengwa vizuri na mahali pa kujisafishia kwa maji. Huo ni ustaarabu wa karne ya 14 na 15, wakati ambapo miji mingi mikubwa ya dunia ilikuwa ikimwaga uchafu wake barabarani. Lamu utaona jambo jingine zuri zaidi: birika la maji la chooni huwekwa samaki wadogo ili wale mabuu ya mbu, na chini yake hupachikwa bakuli la kauri la kutoka China, ili samaki wapate pa kujikusanya maji yakipungua. Mtoto akionyeshwa hilo halisahau, hata kama masultani wote watamtoka kichwani.

Hapa ndipo ninapowashauri watu wapange safari yao kwa utaratibu ambao waandaaji wa ziara hawaupendi sana: tazama nyumba iliyo hai kabla ya nyumba iliyokufa. Gofu ni kuta zilizobaki bila paa, bila mlango, bila mkeka. Ukianza na hilo, utaona mawe tu. Lakini ukipita kwanza Lamu, mji mkongwe ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukaingia katika ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho, utajifunza kusoma kuta. Unaanzia daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambapo mwanamume mwenye nyumba aliongea na watu wasio wa kuingizwa ndani. Unapita tekani, unatokea kiwanda, yaani ua usio na paa, na kutoka hapo vyumba vinapangana kimoja nyuma ya kingine: misana miwili, kisha ndani. Sakafu inapanda kidogo kila unapoingia chumba kingine. Mwanga unapungua, faragha inaongezeka. Huko mwisho ukuta una zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na nyuma yake kuna chumba ambacho inaelezwa kilitumika kwa uzazi na kwa kuoshea maiti. Mtu alizaliwa na kuagwa katika sehemu ileile ya nyumba.

Baada ya hapo vuka uende Takwa, kisiwani Manda, au Shanga, kisiwani Pate. Utaona kuta zimeanza kusema. Kile kibaraza kilichovunjika mlangoni ni daka. Shimo lile la mraba ni choo. Ukuta wenye matundu ulikuwa na zidaka, na hakuna mtu atakayekuambia kwa ufasaha kama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, jinsi majumba ya Pate yalivyokuwa na jinsi ndege walivyokuja kulea makinda mle mlimokuwa na sahani. Usome kabla ya kwenda. Aliyeutunga aliyaona magofu hayo kabla hayajawa ya kitalii.

Jambo moja litakushangaza katika kila jumba la mawe: vyumba ni virefu lakini vyembamba. Hata tajiri mkubwa wa Songo Mnara aliishi katika chumba chenye upana wa mita 2 na nusu hivi, pengine karibu 3. Sababu iko juu, na juu hakuna kitu tena, ndiyo maana watu hawaioni. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi mti mrefu kuliko huo ulionyooka na wenye nguvu za kubeba tabaka nzito la mawe na chokaa. Kwa hiyo msitu wa kandokando ya maji ndio uliopima chumba cha kulala. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, nchi zisizo na misitu, na nyumba za zamani za huko zikapata vyumba vya kipimo kilekile. Ukiwa na futi kamba mfukoni, pima. Pima vyumba vitatu vinne vya miji tofauti, uandike. Zoezi hili dogo linafundisha kuliko bango la maelezo.

Sitaki kuingia sana katika ufundi wa ukuta wenyewe, ila jua kutofautisha vitu viwili. Mawe magumu ya kujazia ukuta yalichimbwa nchi kavu, kwenye mwamba wa matumbawe ya kale. Yale laini yenye nakshi, ya kuzungushia mlango na kibla, yalikatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa tanurini kwa kuni nyingi sana. Fikiria miti iliyokatwa ili mji mmoja upakwe lipu.

Kwenye hiyo lipu angalia michoro. Gedi na Takwa, kama mahali pengine pengi pwani, kuna watu waliokwaruza picha za vyombo vya baharini ukutani, tanga, kamba na yote. Mchana jua likiwa utosini hazionekani. Njoo asubuhi au alasiri, au washa tochi ya simu uielekeze kwa ubavu, uilaze karibu na ukuta, na chombo kitajitokeza. Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ina michoro ya aina hiyo iliyoachwa na wanajeshi wa Kireno: meli, watu, samaki. Ngome kwa kawaida si mahali pazuri pa kujifunzia maisha ya nyumbani, maana ilijengwa kwa ajili ya kuua na kutouawa, lakini ukuta ule unaonyesha vijana waliokaa mbali na kwao wakiwa hawana la kufanya. Ukiwa humo, ingia kwenye makumbusho yake. Vitu vilivyochimbuliwa Gedi vimo, na vilivyoopolewa kutoka katika meli ya Santo António de Tanná iliyozama pale mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa.

Tuje jikoni, maana hapa hata wasomaji makini huteleza. Mtu husimama katika gofu la karne ya 14 akawaza ugali wa mahindi, muhogo wa nazi, kachumbari ya nyanya na pilipili. Hakuna hata kimoja kati ya mahindi, muhogo, nyanya na pilipili hizi za kuwasha tunazozijua kilichokuwapo. Vyote asili yake ni Amerika, na vilifika huku baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari mwishoni mwa karne ya 15. Mwanamke wa Kilwa aliyepika chakula cha jioni mwaka 1331 alikuwa na mtama na uwele, mchele kwa waliojiweza, nazi, samaki, kuku, nyama ya mbuzi, ndizi, tangawizi. Mombasa, Ibn Battuta aliwakuta watu wakila zaidi ndizi na samaki, na nafaka ikiletwa kwa vyombo. Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari na maembe. Kama utashinda siku nzima magofuni, jaribu kubeba chakula cha namna hiyo: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, ndizi. Nyanya ziache nyumbani kwa siku moja. Watoto watalalamika kidogo.

Vyungu vyenyewe vimevunjika, na vigae vyake vimetapakaa ardhini kila mahali. Vingi ni vya udongo wa hapahapa, vyeusi kwa masizi upande wa nje, kwa sababu ndivyo vilivyokaa juu ya mafiga. Vile vya rangi ya kijani kibichi au buluu na nyeupe ni vya ng'ambo, Uajemi na China, na ndivyo wageni wanavyovishangilia. Uwiano wake ndio wa kutazama: kwa kigae kimoja cha China kuna rundo la vigae vya mfinyanzi wa mtaani. Ukibahatika kuona kwenye makumbusho kijiduara cha kigae kilichotobolewa katikati, hicho kilikuwa uzito wa pia ya kusokotea uzi wa pamba. Kilwa, Shanga na Pate vimepatikana. Watu hao hawakukaa kungoja vitambaa vya India; walisokota na kufuma vya kwao.

Viangalie vigae, viinamie, vipige picha. Usiviokote. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, zote zinakataza. Lakini hata bila sheria, kigae kina faida pale kilipolala tu. Mchimbaji akikikuta mahali pake anajua hapa palikuwa na jiko. Kikiwa juu ya kabati lako sebuleni hakisemi chochote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote, na magofu yenyewe hulificha. Nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Ibn Battuta aliyeisifu Kilwa kuwa ni miongoni mwa miji mizuri aliuelezea kama mji wa majengo ya miti. Msikiti wa kwanza wa Shanga, uliofukuliwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980, ulikuwa kijumba kidogo cha miti cha karne ya 8, na juu yake ndipo ilipojengwa mingine, kizazi baada ya kizazi, hadi wa mawe. Watu wengi wa miji ile waliishi katika nyumba za fito na udongo, paa la makuti, na nyumba hizo zimerudi ardhini. Kwa hiyo ule uwanja mtupu kati ya gofu na gofu, unaoupita haraka ili ufike kwenye kuba nyingine, huenda ndipo mji wenyewe ulipokuwa. Huko Songo Mnara, wachimbaji waliofanya kazi kuanzia mwaka 2009 walipima hata udongo na masalia ya mimea yasiyoonekana kwa macho ili kujua sehemu za wazi zilitumikaje, na wakakuta dalili za nyumba za udongo pale ambapo mgeni haoni kitu.

Utawaonaje hao wasioacha ukuta? Kilwa Kisiwani ni rahisi, kwa kuwa kisiwa kina wenyeji. Baada ya msikiti mkuu na ngome iitwayo Gereza, usirudi bandarini moja kwa moja. Piga hodi kijijini, salimia wazee, shikamoo zako ziwe tayari, na uombe mtu akueleze jinsi nyumba ya udongo inavyojengwa: fito zinafungwa kwa nini, udongo unakandikwa na nani, makuti hudumu masika mangapi. Ukialikwa kukaa barazani, kaa. Si kwamba watu wa leo wanaishi kama wa mwaka 1331, hapana, wana simu na sola kama mimi na wewe. Lakini ujenzi wa fito na udongo, ukataji wa makuti na uvuvi unaofuata maji ni elimu ambayo mikono imerithishana, na gofu halinayo. Kwa wa Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, kilichopo tangu miaka ya 1960, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali, nawe unaweza kuingia ndani na kuinamisha kichwa mlangoni.

Maji kujaa na kupwa yatapanga ratiba yako kuliko saa. Katika bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hufika mita 3 hadi 4 katika pwani yetu. Takwa hufikiwa kwa mkondo unaopita kati ya mikoko, na chombo hakipiti maji yakipwa. Ukichelewa kuondoka utangojea hadi yajae tena. Songo Mnara utateremka ndani ya maji na kutembea kwenye tope la mikoko, kwa hiyo vaa viatu vya kulowa na suruali ya kukunjika. Muulize nahodha, si simu peke yake. Kusi likishika, Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na vyombo vidogo hutikiswa sana. Septemba na Oktoba huwa na utulivu zaidi. Masika, Machi hadi Mei, sikushauri: nyasi hufunika misingi ya kuta, mbu ni wengi, na njia za kwenda kusini hukatika mara kwa mara.

Kwa Kilwa, kituo chako ni Kilwa Masoko, zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Kibali hutolewa huko kabla ya kuvuka, kwa hiyo usifike jioni ya siku ya mapumziko ukitegemea kuondoka alfajiri. Beba kitambulisho cha taifa, kwani kiingilio cha mwenyeji ni nafuu sana kuliko cha mgeni. Beba maji ya kunywa ya kutosha, maana utakuwa unazungumzia visima siku nzima. Asiye na nafasi ya kwenda mbali ana Kunduchi, pembeni tu ya Dar es Salaam, yenye makaburi ya nguzo yaliyopachikwa sahani za China, au Kaole, kilomita chache kusini ya Bagamoyo. Kwenye makaburi nenda kwa adabu. Mengine bado yanazuriwa kwa dua. Ukikuta ubani, kitambaa au sarafu, usiguse, na ukikuta watu wanaomba, kaa mbali hadi wamalize.

Zanzibar ina bahati ya kuwa na shahidi aliyeandika. Seyyida Salme, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, alizaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844 na kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza ua mkubwa ambamo paa, tausi na mbuni walitembea huru, na mabafu yaliyokuwa na watu mchana kutwa. Soma kurasa hizo kwanza, halafu nenda Mtoni ukatafute mabafu, yapo. Kumbuka tu kwamba anayesimulia ni binti wa sultani, na aliyemchotea maji hakuandika kitabu. Kwa Bagamoyo na mrima wake, mtafute Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kazi yake juu ya desturi za Waswahili ilitoka mwaka 1903. Humo mna uzazi, unyago, harusi, safari za bara, ngoma, madeni, pepo. Huyu aliandika habari za watu wake kwa lugha yao, na nashangaa kwamba wengi wanaopiga picha milango ya Bagamoyo hawajawahi kulisikia jina lake.

Waongozaji ni watu wa thamani, hasa waliokulia palepale. Ila wajaribu kwa swali moja la upole: hili tunalijuaje? Mwongozaji mzuri hufurahi kuulizwa hivyo. Atakuambia hili lilifukuliwa, hili liliandikwa na msafiri fulani, hili alituambia babu. Yote matatu yana nafasi yake, mradi yasichanganywe. Mfano ni Mkunazini, Zanzibar, ambako kanisa la Anglikana limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Vyumba vya chini kwenye jengo la jirani huonyeshwa kuwa ndimo walimofungiwa watumwa, lakini wapo wanahistoria wanaosema vilijengwa baada ya soko kufungwa, kwa matumizi ya hospitali ya misheni. Biashara ile na mateso yake vimethibitishwa kwa ushahidi mwingi mno, wala havihitaji chumba kile. Kujua hivyo hakukupunguzii uzito wa kusimama pale.

Kama unaishi mbali na bahari, maswali ni yaleyale. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa huko kaskazini mwa Tanzania, wakulima walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18 waliongoza maji kwa mifereji ya mawe hadi kwenye mashamba yao. Fuata mfereji mmoja kwa miguu kutoka juu kwenda chini, utajua jinsi walivyogawana. Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa zina milango mifupi, na mazizi yamo ndani ya ngome: inama uingie, uelewe walichokuwa wakikilinda. Na msomaji uliye Oman, unayo mifereji ya aflaj, ambayo mingine bado inapeleka maji mashambani kwa zamu. Mwombe mzee wa kijiji akueleze zamu hizo zinavyohesabiwa.

La mwisho ni kuhusu muda. Usijaribu kumaliza mji mzima. Chagua nyumba moja, Gedi kwa mfano, ile waliyoiita Nyumba ya Mkasi kwa sababu mkasi ulikutwa humo, au Nyumba ya Kauri. Kaa ndani yake asubuhi nzima. Chora ramani yake kwenye daftari, hata kama mchoro ni mbaya. Weka alama mahali jua linapoingia saa 3 na saa 6. Tafuta ghala, ukijua kwamba baadhi ya vyumba vya kuhifadhia vitu havikuwa na mlango na watu waliviingia kwa juu. Kama mko familia, mpe kila mmoja kazi: huyu atafute maji yaliingilia wapi na yalitokea wapi, huyu atafute mahali pa taa, huyu atafute pa kulala wageni. Kutaneni uani baada ya saa moja mbishane. Mwongozaji atakuja kusikiliza, na huenda akawa na jibu ambalo hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza.